Pikipiki za Umeme: Pima Safari Yako Kabla ya Kuchukua Mkopo

Wahudumu wa bodaboda wanaopanga kuhamia pikipiki za umeme wanashauriwa kujiuliza swali moja kabla ya kutia sahihi mkataba wa mkopo: betri itawafikisha wapi, wakiwa na abiria na mzigo, katika barabara wanazotumia kila siku?

Lita mbili za petroli zina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na huendesha pikipiki ya kawaida kilomita 80 hivi. Kwa umeme, safari hiyo huhitaji betri ya takriban kilowati-saa 3. Betri za lithiamu za pikipiki kwa kawaida huhifadhi wati-saa 120 hadi 150 kwa kila kilo, hivyo betri hiyo huwa na kilo 20 hadi 25.

Petroli ina nishati nyingi zaidi, mara 80 au hata zaidi kwa kila kilo. Lakini takriban robo tatu ya nishati hiyo hupotea kama joto la injini, ilhali mota ya umeme hutumia sehemu kubwa ya umeme inaopewa. Ndiyo sababu betri, ingawa ni nzito, huweza kufanya kazi hiyo.

Mbona basi isifungwe betri kubwa zaidi? Betri ya pili huongeza umbali, lakini pia huongeza bei na zaidi ya kilo 20, ambazo zingekuwa mzigo wa mteja. Kwa sababu hiyo, kampuni kadhaa nchini zimeweka vituo ambapo mhudumu huacha betri iliyoisha chaji na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache.

Milima nayo hula chaji. Pikipiki yenye jumla ya kilo 300, pamoja na dereva, abiria na mzigo, ikipanda mwinuko wa mita 500, hutumia takriban nusu kilowati-saa kwa kupanda tu. Hiyo ni moja ya sita ya betri ya kilowati-saa 3.

Betri pia huchakaa. Iliyokuwa ikienda kilomita 80, ikibaki na asilimia 80 ya uwezo wake, itaenda kilomita 64.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji:

• Umbali uliotangazwa ulipimwa kwa uzito gani, na kwenye barabara ya aina gani?
• Betri ni mali ya mnunuzi au ni ya kukodi?
• Kituo cha kubadilishia betri kiko umbali gani, na hufungwa saa ngapi?
• Dhamana ya betri ni ya miaka mingapi, na inalinda kiwango gani cha uwezo?

Andika kilomita unazoendesha kwa siku kwa muda wa wiki moja. Chukua siku ndefu zaidi, kisha ongeza safari moja ya dharura ya kumpeleka mgonjwa hospitalini usiku. Ikiwa betri haifiki hapo na hakuna kituo njiani, pikipiki hiyo bado haikufai.