Kiharusi: Je, Ubongo Huota Tena?

Asubuhi moja mdomo wa nyanya yangu ulienda upande na mkono wake ukalegea. Majirani walisema ni pepo. Tukapoteza siku nzima kabla ya kumpeleka hospitali. Baadaye nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia.

Kumbe donge la damu huziba mshipa, na seli za ubongo zikikosa oksijeni hufa kwa dakika chache. Kisha seli za ulinzi huja mbio kusafisha, na mahali pale huvimba. Zinasaidia, lakini zikizidi huumiza hata seli zilizopona.

Je, seli mpya haziwezi kuota? Mwaka 2002, wataalamu wa Lund, Uswidi, waliona panya waliopata kiharusi wakiotesha seli changa za neva, zikahamia penye jeraha. Nyingi zilikufa. Mwaka 2003 walionyesha kwamba uvimbe wenyewe huzipunguza seli hizo. Kwa binadamu, dawa ya kuziotesha bado.

Nyanya sasa hushika kikombe mwenyewe, kwa mazoezi ya kila jioni. Lakini mkono haujarudi sawasawa. Basi wenzangu, mkiona mdomo umepinda, msingoje pepo atoke. Kimbieni hospitali! Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi.