Bima ya Afya ya Watoto Yahitaji Walio Wazima

Watu wengi hudhani kwamba bima ya afya ni kitu cha mgonjwa. Mtoto akiwa mzima, mzazi husema, "Ya nini nitoe fedha?" Akiugua, ndipo hukimbilia kadi. Fikira hiyo ni ya kawaida, lakini ndiyo iuayo bima. Na tuone kwa hesabu.

Tuseme kijiji kina watoto 100, na kila mmoja analipiwa faranga 3,000 kwa mwaka. Mfuko utapata faranga 300,000. Watoto 10 wakiugua sana, na matibabu ya kila mmoja yakawa faranga 25,000, mfuko utatoa 250,000 na kubaki na akiba ya 50,000.

Lakini tuseme wazazi wengi wenye watoto wazima wamekaa kando, wakaandikishwa watoto 20 tu, na wale wagonjwa 10 wamo. Zitaingia faranga 60,000. Zitatoka zile zile 250,000. Ili ujiokoe, mfuko hauna budi kupandisha mchango hadi 12,500. Hapo wenye watoto wazima waliosalia nao watajitoa, na kila mgonjwa atajilipia 25,000 zake mwenyewe. Basi hakuna bima tena, limebaki jina.

Jambo hili si la ubaoni tu. Jirani zetu wa Tanzania wameliona. Mwaka 2016 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Toto Afya Kadi kwa watoto wa chini ya miaka 18, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mzazi aliweza kumwandikisha mtoto peke yake. Lilikuwa jambo la huruma, na watu walilifurahia. Lakini kwa kuwa kuingia kulikuwa kwa hiari, wengi walikuja mtoto akiwa tayari mgonjwa. Machi 2023 Mfuko ulisimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule zao au pamoja na familia. Sababu ilikuwapo, lakini fikiri hali ya mzazi mwenye mtoto wa miaka miwili mgonjwa wa moyo, ambaye hana shule ya kumwandikisha!

Hapa kwetu Rwanda ilifuatwa njia nyingine. Mituweli ilijaribiwa mwaka 1999 katika wilaya za afya za Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha ikaenea nchi nzima. Mtoto hakuandikishwa peke yake: nyumba nzima iliingia pamoja, wazima kwa wagonjwa. Mwaka 2011 michango ya kila mtu iliwekwa kwa madaraja: faranga 2,000 kwa maskini kabisa, nao walilipiwa, 3,000 kwa watu wa kati, na 7,000 kwa wenye uwezo.

Hata hivyo njia hii nayo ina mzigo wake. Nyumba ya watu 8 katika daraja la kati ilitakiwa kutoa faranga 24,000. Baba akileta 18,000 ametimiza hesabu ya watu 6, lakini kwa kanuni ile hakuna hata mmoja aliyehesabiwa kuwa na bima mpaka wote 8 walipiwe. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wengi, ambayo ndiyo yenye haja kubwa, ndiyo iliyokuwa rahisi kuchelewa.

Nionavyo mimi, kanuni ya nyumba nzima ni njema na isiachwe, maana bila hiyo tutarudi kwenye ile hesabu ya watoto 20. Lakini inafaa ilegezwe upande wa watoto. Kama maskini kabisa waliweza kulipiwa, basi nyumba yenye watoto wengi nayo isaidiwe sehemu ya mchango. Nasi wananchi tuweke akiba mapema katika vikundi vyetu vya ibimina, kidogo kidogo kila juma, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Na mwenye mtoto mzima asidhani kwamba fedha yake imepotea. Mwaka huu imemtibu mtoto wa jirani. Mwaka ujao huenda ya jirani ikamtibu wa kwake.