Je, Wajua? Yaliyojificha Nyuma ya Plasta

Jengo la ghorofa linaposimama pale Usagara au mtaa wowote wa Tanga, wapita njia hudhani kazi imekwisha. Miezi inapita, madirisha bado matundu, na watu wanaanza kunong'ona kwamba tajiri kaishiwa. Huenda kaishiwa kweli. Lakini mara nyingi kazi ndiyo kwanza imeingia ndani: mabomba, nyaya, plasta, vigae, dari, milango, rangi. Humo ndimo msimamizi wa saiti anamopimwa, kwa sababu mafundi wa aina kumi wanagombea chumba kimoja. Haya hapa machache ya kukuonesha kinachoendelea huko juu.

1. Mwambao huu ulijua umaliziaji kabla ya saruji. Magofu ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga kwenye njia ya Pangani, yana msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita. Tumbawe lilichomwa kwa kuni likawa chokaa, likamwagiwa maji, likaachwa lilale kabla ya kupakwa ukutani. Chokaa hiyo hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Inaenda polepole, na fundi wa zamani aliupanga mradi wake kwa kuifuata.

2. Katika nyumba za mawe za Pangani, Unguja na Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na mti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki salama zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Mpambaji alikuta vipimo vimeshapangwa na mkoko.

3. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ndiyo inayotajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Kugusa sehemu ya ndani ya jengo kongwe ni kugusa mwili wake mzima.

4. Jiwe la jasi, ambalo mafundi wetu wanaliita jipsamu, linachimbwa Makanya wilayani Same, kando ya barabara ya kutoka Tanga kwenda Moshi. Ndani ya jiwe hilo kavu kabisa mna maji: karibu asilimia 21 ya uzito wake. Likichomwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga. Ukiurudishia maji, unaganda tena ndani ya dakika chache.

5. Maji hayo ndiyo yanayoipa bodi ya jipsamu sifa ya kuchelewesha moto. Moto ukifika, nguvu yake ya kwanza inaishia kuyageuza mvuke, na upande wa pili wa ukuta unabaki na joto la kuvumilika kwa muda. Watu wanapata nafasi ya kushuka ngazi.

6. Jipsamu hiyo hiyo imo ndani ya mfuko wako wa saruji. Viwanda kama kile cha Pongwe, Tanga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1980, huichanganya kidogo wakati wa kusaga. Bila hiyo saruji ingeganda kabla fundi hajainua mwiko.

7. Mkonge nao upo darini. Mapambo ya jipsamu yanayofinyangwa kwenye fomu hutiwa nyuzi za katani ili yasipasuke, na ufundi wa kutia nguo au nyuzi ndani ya plasta ulipewa hataza Uingereza tangu mwaka 1856. Mkonge wenyewe uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani.

8. Sasa hesabu ya zamu. Chukua jengo la ghorofa 12 na vikosi sita: mabomba, umeme, plasta, vigae, dari, rangi. Kila kikosi kinahitaji wiki moja kwa ghorofa moja. Ukisubiri kila kikosi kimalize jengo zima ndipo kingine kiingie, utatumia wiki 72. Ukiwapanga wafuatane, mmoja akipanda ghorofa ya pili mwenzake anaingia ya kwanza, utamaliza kwa wiki 17. Mafundi ni wale wale, mshahara wa wiki ni ule ule, ila wiki 55 zimeokolewa na karatasi ya ratiba.

9. Na kikosi kimoja tu kikizembea? Tuseme wa vigae wanatumia wiki mbili kila ghorofa badala ya moja. Jengo zima litachukua wiki 29. Waliotangulia watakuwa wameshaondoka, na wanaofuata watakaa chini wakicheza bao huku wakidai posho. Ndiyo maana msimamizi mjanja humsaka kwanza anayechelewa na kumwongezea watu. Kumhimiza aliye mwepesi hakuharakishi chochote.

10. Kipimo muhimu kuliko vyote ndani ya jengo hakionekani siku ya uzinduzi. Ni mstari wa mita moja. Mafundi wawili hushika mpira mwembamba unaoonesha maji ndani yake. Mmoja anauweka mwisho wake kwenye alama, mwenzake anatembea na mwisho wa pili hadi ukuta wa mbali, wanangoja maji yatulie, anatia alama. Kisha uzi uliopakwa unga wa rangi unavutwa na kuachiwa, pap! Mstari umekaa ukutani, mita moja juu ya mahali sakafu iliyomalizika itakapofika. Siku hizi leza inafanya kazi hiyo haraka zaidi, lakini maji hayadanganyi na hayahitaji betri.

11. Kwa mstari huo kila mmoja anapima kwake: wa milango, wa soketi, wa vigae, wa dari. Wasipokuwa na mstari mmoja, kila fundi atapima kutoka kwenye zege tupu, na zege huwa halijakaa sawa. Matokeo yake mlango unakwaruza vigae, na mwenye mlango anamlaumu mwenye vigae.

12. Bomba linapimwa kabla halijafunikwa. Kawaida ni kulijaza maji na kulisukuma kwa presha ya mara moja na nusu ya ile litakayoifanyia kazi, halafu sindano ya geji inaangaliwa. Ikishuka, kuna mahali panavuja. Mazungumzo ya saiti ni mafupi: "Fundi, umefunga ukuta?" "Nimefunga, mzee." "Geji ilisema nini?" Akinyamaza, ukuta unafunguliwa.

13. Sakafu ya bafu hujaribiwa kwa bwawa. Ikishapakwa dawa ya kuzuia maji, tundu la kutolea maji linazibwa, maji yanajazwa kina cha sentimita chache na kuachwa saa 24. Msimamizi hakai juu kuyatazama. Anashuka ghorofa ya chini na kuangalia dari kama ina doa. Vigae huingia baada ya hapo.

14. Kigae cha poseleni hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Ni sifa nzuri kwa mwenye nyumba na taabu kwa fundi, maana saruji na mchanga hushika kwa kupenya kwenye vinyweleo, na hapa havipo. Kigae cha namna hiyo kinataka gundi yake maalumu, hasa ukutani.

15. Mkaguzi mzoefu hukagua vigae kwa sikio. Anapita na sarafu au kijiti akigonga kona hadi kona. Palipojaa hutoa mlio mzito. Palipo na uwazi chini hulia kama chungu kitupu. Kona inayolia hivyo itapasuka siku kabati zito litakapoburutwa juu yake.

16. Umaliziaji ni mzigo kabla ya kuwa urembo. Mita moja ya mraba ya kigae chenye unene wa sentimita moja ina kilo 23 hivi. Kwa sakafu ya mita za mraba 100 hizo ni tani 2.3, na udongo wa saruji wa sentimita nne chini yake ni tani nane nyingine. Kibarua anayebeba kilo 25 kila safari atapanda ngazi zaidi ya mara 400 kwa sakafu hiyo moja. Winchi au lifti ya mizigo inapoharibika, ratiba yote imeharibika.

17. Waliojenga Empire State Building kule New York, ghorofa 102 zilizokamilika mwaka 1931 ndani ya siku 410 tu, walitandika reli ndogo kwenye kila ghorofa ili mikokoteni isambaze vifaa. Waliweka pia migahawa ya muda huko juu, mafundi wasipoteze saa wakishuka kufuata chakula.

18. Shehena nayo ina mahali pake. Sakafu ya ofisi kwa viwango vya Kiingereza vinavyotumiwa sana kwetu husanifiwa kubeba uzito wa matumizi wa kilo 250 hivi kwa mita ya mraba. Paleti moja ya mbao iliyopangwa vigae inaweza kupita tani moja, na imekalia kama mita moja ya mraba tu. Ndiyo sababu vigae hutawanywa karibu na nguzo na mihimili, havirundikwi katikati ya chumba.

19. Kuta za kugawa vyumba zimepungua uzito. Ukuta wa tofali la inchi sita uliopigwa plasta pande mbili hufika kilo 300 kwa mita ya mraba. Ule wa fremu ya chuma na bodi ya jipsamu ni kilo 25 au 30. Mpangaji anayeamua kuongeza ukuta wa tofali ghorofa ya tisa bila kumuuliza mhandisi anaongeza mzigo ambao haukuwamo kwenye hesabu.

20. Bodi ya jipsamu na masika havielewani. Ukizipandisha kabla madirisha hayajafungwa, mvua ya Aprili itazivimbisha na ukungu utafuata. Kanuni ni moja: funga jengo kwanza, ndipo ufunge dari.

21. Mchanga wa ufukweni uko karibu na ni wa bure, na gharama yake huonekana baadaye. Chumvi iliyomo huvuta unyevu, hutoa unga mweupe ukutani, hubandua rangi na kulisha kutu nondo na misumari. Kupaka rangi juu hakutibu.

22. Plasta mpya ya saruji ina ukali wa magadi. Ukiipaka rangi ya mafuta kabla haijapoa, ukali huo huigeuza rangi kuwa sabuni kwelikweli, ikawa inanata na kumenyuka. Ushauri wa kawaida ni kuipa plasta wiki nne hivi, kisha kupaka prima inayostahimili magadi. Mteja mwenye haraka ya kuhamia hulipa rangi mara mbili.

23. Ukarabati unaweza kuua. Grenfell Tower, jengo la makazi la ghorofa 24 jijini London, lilivalishwa paneli mpya za nje mwaka 2016. Tarehe 14 Juni 2017 moto ulioanzia kwenye friji ghorofa ya nne ulipanda kupitia paneli hizo zenye kiini cha plastiki, na watu 72 wakafa. Ukiona mabamba yanayong'aa yanapandishwa kwenye ghorofa, swali la kwanza ni moja: katikati mna nini?

24. Kila tundu linalotobolewa sakafuni kupitisha waya au bomba ni bomba la moshi siku ya moto. Linatakiwa lizibwe kwa kizuizi cha moto, tena kabla dari haijafungwa. Dari ikishafungwa, hakuna atakayepanda tena kuangalia.

25. Kabla ya kuanza vyumba 60 hutengenezwa kimoja tu cha mfano, kikamilike mpaka kitasa na swichi. Mteja anakiingia, anafungua bomba, anavuta mlango, anabishana. Bishaneni hapo. Kuhamisha soketi moja ni kazi ya asubuhi, kuhamisha 60 ni kesi.

26. Kwa sheria za Tanzania, mkandarasi anasajiliwa na bodi ya CRB chini ya sheria ya mwaka 1997, mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wanasajiliwa na bodi ya AQRB, fundi umeme anahitaji leseni ya mamlaka ya EWURA, na usalama wa wafanyakazi unasimamiwa na wakala wa OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003. Fundi wa ndani anayening'inia dirishani ghorofa ya kumi anastahili mkanda wa usalama sawa na yule anayemwaga zege.

27. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saiti ndiyo zaidi. Kila badiliko la mdomo, "hapa weka swichi mbili," liandikwe, litiwe saini na bei yake. Picha ya ukuta kabla haujafunikwa, ikionesha mabomba yalipopita, ina thamani kubwa siku mtu atakapotaka kutundika televisheni.

28. Mikataba mingi ya ujenzi humruhusu mteja kuzuia sehemu ya malipo. Nusu yake hutolewa kazi inapokabidhiwa, na nusu ya pili baada ya kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi 12. Muda huo unavuka masika mazima, yaani dari, madirisha na mabafu yanapata mtihani wao wa kweli. Kwa hiyo, wewe unayekabidhiwa funguo, usisubiri miezi hiyo 12 iishe. Pita chumba kwa chumba mvua inaponyesha, andika kila doa, kila kigae kinacholia na kila mlango unaokwama, umpelekee mkandarasi orodha yenye tarehe fedha zake zikiwa bado mkononi mwako.