Simu Kuwa Kompyuta

Wako vijana wetu wanaosoma bara: Mbeya, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na hata Iringa. Asiye na kompyuta asikate tamaa; simu ya Android yatosha kuandikia programu na kuiendesha. Hutia Termux, iliyotoka mwaka 2015, kisha lugha ya Python. Akishazipakua, hufanya kazi bila intaneti, maadamu simu ina chaji. (Herufi ni ndogo, macho huuma!) Mistari mitatu yatosha kuzidisha pishi za mchumaji kwa ujira wake, lakini nafasi moja ikizidi mwanzoni mwa mstari, programu yagoma. Hatari kubwa ni hii: akiifuta Termux, faili zilizo ndani yake hupotea nayo. Nakala aziweke kwingine mapema, kama tuanuavyo karafuu wingu likitanda.