Baiskeli juu ya paa la gari: Bima kamili haifiki huko

JUMAMOSI alfajiri, kabla ya msongamano wa malori kukolea katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, si ajabu kuona magari madogo yakiteremka Bonde la Ufa yakiwa yamefungiwa baiskeli mbili au tatu kwenye keria juu ya paa. Baadhi ya wenye magari hayo huelekea Hell's Gate, karibu na mji wa Naivasha, mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli miongoni mwa punda milia na twiga.

Baiskeli hizo si zile za kubebea maziwa na mikungu ya ndizi. Zipo zilizogharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na mara nyingine kilicho juu ya paa kina thamani kuliko gari lililokibeba. Hata hivyo, wengi wa wenyewe husafiri wakiwa na imani moja: kwamba kwa kuwa gari lina bima kamili, kila kitu kilichofungwa juu yake kimo ndani ya bima hiyo.

Imani hiyo haina msingi katika mikataba mingi ya bima ya magari inayouzwa nchini, na kwa kawaida mwenye baiskeli huligundua jambo hilo akiwa tayari ameshikilia fremu iliyovunjika.

Tuchukue mfano wa ajali ambayo hutokea kwa urahisi mno. Dereva anarejea jijini jioni akiwa amechoka, na anaamua kupitia katika jumba la maduka kununua chakula. Gari lake lina kimo cha mita 1.5 hivi. Baiskeli iliyosimamishwa juu ya paa huongeza mita moja au zaidi. Kizuizi cha chuma kwenye lango la maegesho ya chini ya jumba kimewekwa kwa kimo cha mita 2 na ushei. Dereva, aliyezoea kupita hapo kila wiki bila kuinamisha kichwa, anaingia. Baiskeli inagonga chuma, keria inang'oka, paa linabonyea na kizuizi chenyewe kinapinda.

Hapo pana hasara tatu, na kila moja ina njia yake katika mkataba wa bima.

Hasara ya kwanza ni ya gari. Paa lililobonyea litarekebishwa na kampuni ya bima chini ya sehemu inayohusu madhara kwa gari lenyewe, baada ya kutolewa kile kiasi ambacho mwenye bima hukubali tangu mwanzo kukibeba mwenyewe. Keria nayo yaweza kulipiwa ikiwa ilitajwa kuwa kifaa cha gari wakati bima ilipokatwa. Ikiwa ilinunuliwa baadaye na kufungwa bila kampuni kuarifiwa, mkaguzi wa hasara atakuwa na sababu nzuri ya kuiacha nje ya hesabu yake.

Hasara ya pili ni ya kizuizi, ambacho ni mali ya mwenye jumba. Huyu ndiye anayeitwa mtu wa tatu, na mikataba mingi humlipa kwa uharibifu wa mali yake hadi kiwango kilichotajwa.

Hasara ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni ya baiskeli. Hii haina pa kuingia. Si sehemu ya gari, wala si kifaa chake, kwa hiyo haiwezi kulipiwa kama paa. Wala si mali ya mtu wa tatu. Mikataba ya kawaida husema wazi kwamba fidia kwa mali ya watu wengine haihusu mali ya mwenye bima, mali iliyo chini ya ulinzi au uangalizi wake, wala mali inayosafirishwa na gari hilo.

Maneno hayo ya mwisho, 'inayosafirishwa na gari hilo', yafaa kusomwa mara mbili, kwani ndiyo yanayowashangaza watu zaidi. Huenda baiskeli si ya mwenye gari bali ni ya rafiki yake waliyesafiri pamoja. Mtu angefikiri kwamba rafiki ni mtu wa tatu na mali yake italipiwa. La hasha. Maadamu baiskeli imo safarini juu ya gari hilo, imeondolewa, awe mwenyewe ni nani. Rafiki huyo ana haki ya kumdai dereva kwa uzembe, lakini dereva atalipa kutoka mfukoni mwake. Urafiki mwingi umeingia doa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kampuni za bima zina hoja yao, na si hoja ya hila. Ada ya bima ya gari huhesabiwa kutokana na thamani ya gari na matumizi yake. Kampuni haina namna ya kujua iwapo siku ya ajali paa lingekuwa limebeba gunia la makaa au baiskeli ya Sh400,000. Bila kuweka mpaka huo, mwenye gari anayeenda nalo kazini pekee angekuwa akimchangia anayebeba vitu vya thamani kila mwisho wa juma. Lawama inayostahili kuelekezwa kwa sekta hiyo ni nyingine: neno 'kamili' huuzwa kwa sauti kubwa ilhali mipaka yake imechapishwa kwa herufi ndogo, na mawakala wengi humkabidhi mteja hati ya kubandika kwenye kioo bila kumpa mkataba wenyewe ausome.

Baadhi ya mikataba ina kipengele cha vitu vya binafsi vilivyomo ndani ya gari. Kipengele hicho huwa na kikomo kidogo, na mara nyingi husisitiza kwamba vitu viwe ndani ya gari lililofungwa. Paa si ndani.

Hali huwa tofauti kabisa ikiwa kosa ni la dereva mwingine. Gari lililosimama kwenye foleni pale Limuru likigongwa na lori, baiskeli zilizo juu yake zikaanguka na kuvunjika, basi kwa mwenye lori baiskeli hizo ni mali ya mtu wa tatu kweli kweli, kwa sababu hazikuwa zikisafirishwa na lori lake. Dai huelekezwa kwa mwenye lori, na bima yake italipa ikiwa inahusu uharibifu wa mali. Hapa inafaa ieleweke kwamba Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Watu wa Tatu, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya vifo na majeraha ya watu pekee. Uharibifu wa mali haumo katika sharti hilo la lazima. Kampuni nyingi huujumuisha, lakini kwa sababu ya mkataba na wala si kwa amri ya sheria.

Hatari kubwa zaidi ni baiskeli kung'oka na kumwangukia mtu. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, chuma cha kilo 12 kikipeperuka kutoka paani chaweza kumuua mwendesha bodaboda aliye nyuma. Majeraha au kifo kinachotokana na matumizi ya gari barabarani ndicho hasa kinachokusudiwa na Sura ya 405, kwa hivyo kampuni ya bima huwa na wajibu kwa majeruhi. Lakini dereva mwenyewe hayuko salama kisheria. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Trafiki kinakataza gari kupakiwa kwa namna inayohatarisha watumiaji wengine wa barabara, na kinasema kwamba mzigo ukianguka, huko kuanguka kwenyewe ni ushahidi wa awali kuwa ulipakiwa kwa njia ya hatari, hadi ithibitishwe vinginevyo mbele ya mahakama. Ni jukumu la dereva kueleza, si la polisi kukisia.

Kwa sababu hiyo, suala la uzani halipaswi kupuuzwa. Kijitabu cha gari hutaja uzani ambao paa linaweza kuhimili, ambao kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 75, keria yenyewe ikiwemo. Mkaguzi akibaini kwamba kiwango hicho kilipitwa, hata lile dai la paa lililobonyea linaweza kupingwa.

Basi mwenye baiskeli ya thamani atapata wapi kinga? Jibu liko katika bima ambayo wengi hawaihusishi na safari: bima ya nyumba. Nyingi huwa na sehemu ya hatari zote, ambamo mteja huorodhesha vitu anavyotoka navyo, kama vile kamera, kompyuta ya mkononi, vito na baiskeli. Kila kitu huandikwa kwa jina, nambari na thamani. Kinga hiyo hukifuata kitu popote kilipo katika eneo lililotajwa, kiwe sebuleni, njiani au juu ya paa la gari.

Hata hivyo, nayo ina masharti. La kwanza ni thamani. Anayepunguza thamani ili alipe ada ndogo hujipunguzia fidia kwa kiwango hicho hicho. Baiskeli ya Sh200,000 ikiandikishwa kwa Sh100,000, kisha ikapata hasara ya Sh60,000, mkataba wenye kanuni ya uwiano utamlipa mwenyewe nusu tu ya hasara, yaani Sh30,000, na hapo bado kile kiasi cha kujibebea hakijakatwa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hasara haikufika Sh100,000 basi wangelipwa yote. Hesabu ya bima haiendi hivyo.

Sharti la pili ni mashindano. Mikataba mingi huondoa baiskeli inayotumiwa katika mbio. Tangu mbio za Migration Gravel zilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2021 katika eneo la Maasai Mara, idadi ya wanaosafirisha baiskeli kwa ajili ya mashindano si ya kupuuzwa tena. Inafaa kuuliza kwa maandishi iwapo kinga hukoma baiskeli inapoingia uwanjani tu, au hukoma tangu inapofungwa juu ya gari ikielekea huko. Majibu hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine.

La tatu ni uchakavu. Fremu ya kaboni yaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, hasa ikiwa ilibanwa kupita kiasi na mkanda wa keria. Ufa huo ukijitokeza wiki tatu baadaye, kampuni itauliza ulitokana na safari ipi. Picha zilizopigwa kabla ya safari, zikiwa na tarehe, zimewaokoa wengi wasiohitaji kubishana. Vivyo hivyo risiti ya ununuzi na nambari iliyochongwa chini ya fremu. Ajali ikitokea, kampuni ijulishwe mara moja na hati ya polisi itafutwe siku hiyo hiyo, na mabaki yasitupwe hadi mkaguzi ayaone.

Kuna msafiri mwingine ambaye mjadala huu humsahau. Ni yule anayepanda basi kutoka Nairobi kwenda Busia au Bungoma akiwa na baiskeli moja tu, ile nyeusi ya chuma iitwayo Black Mamba, ambayo ndiyo kazi yake. Utingo huipandisha juu ya keria, akaifunga kwa kamba baina ya magodoro na makreti ya kuku, na kudai nauli ya mzigo. Ikifika ikiwa imepinda rimu na uma, msafiri huambiwa kwamba mizigo hubebwa kwa hatari ya mwenyewe.

Bima ya basi hilo itamfidia abiria akiumia. Haitaifidia baiskeli, kwa sababu ile ile iliyotajwa hapo juu. Lakini mwenye basi hajaponyoka kwa hilo. Anayepokea mali ya mtu kwa malipo huwa na wajibu wa kuitunza, na ikiharibika mikononi mwake, ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba hakuzembea. Tangazo la kukana dhamana lililochapishwa nyuma ya risiti iliyotolewa baada ya nauli kulipwa lina uzito mdogo kuliko makondakta wanavyodai, kwani abiria hakuelezwa sharti hilo kabla ya mapatano kufikiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 nacho kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hizo.

Zamani haki hiyo ilikuwa ya vitabuni, maana hakuna aliyeweza kumwajiri wakili kwa ajili ya baiskeli ya Sh15,000. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016 ilibadilisha hesabu hiyo. Mahakama hizo, ambazo ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya uharibifu wa mali. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe, na kesi inatakiwa kuamuliwa katika muda wa siku 60 tangu iwasilishwe.

Atakachohitaji ni tiketi yake na risiti ya mzigo. Utingo akikataa kuandika risiti, nambari ya usajili wa basi, saa ya kuondoka na picha ya baiskeli ikiwa ingali chini, kabla haijapandishwa, zitamfaa mbele ya mahakama.