Kanzu ya Babu

Wahenga walisema: Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku ya Idi nilikuwa kwa jamaa zangu Kisarawe, nikayashuhudia maneno hayo kwa macho yangu. Babu wa nyumba ile aliwasili kutoka Kibaha, kavaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri, mkononi ana halua. Mjukuu wake wa miaka miwili alipomwona alipiga ukelele, akajificha nyuma ya mama yake. Mzee wa watu alifadhaika, akadhani mtoto amefundishwa kumchukia.

Kumbe wiki ile mtoto alichomwa sindano zahanatini, na muuguzi aliyemchoma alivaa nguo nyeupe!

Wataalamu wa elimu ya nafsi wanalijua sana jambo hili. Mwaka 1920, huko Marekani, Bwana John Watson na Bibi Rosalie Rayner walieleza majaribio yao juu ya mtoto waliyemwita Albert, mwenye umri wa miezi 11. Aliletewa panya mweupe, wala hakumwogopa. Lakini kila alipomgusa, chuma kilipigwa kwa nyundo nyuma yake. Hata ikawa akimwona panya tu hulia, bila ya nyundo. Baada ya siku 5 wakamletea sungura, akalia vile vile; wakamletea koti la manyoya, akaligeuzia uso. Bali vipande vya mbao alivichezea kama desturi yake. Hofu ilikuwa imevuka kutoka kwa panya ikaingia katika kila kilichofanana naye. Na mtoto yule, maskini, aliondoka hospitalini bila ya kuondolewa hofu hiyo. Jaribio la namna ile leo lisingeruhusiwa.

Dawa ilikuja kuelezwa na Bibi Mary Cover Jones mwaka 1924. Mtoto Peter aliogopa sungura, manyoya, hata pamba. Basi alipokuwa akila chakula akipendacho, sungura aliletwa ndani ya tundu, kwanza mbali, kisha karibu hatua kwa hatua, mpaka Peter akamshika kwa mkono wake. Ajabu ni kwamba hofu ya pamba na manyoya nayo iliondoka.

Pale Kisarawe shangazi mtu alikwisha anza kusema, "Nyamaza, ama daktari atakuchoma tena!" Tukamkanya upesi. Babu akaketi mkekani karibu na mlango, hakumwita mtoto wala hakuvua kanzu, akawa anampelekea halua kwa mkono wa mama. Baada ya Alasiri mtoto alisogea mwenyewe, akanyakua kipande kiganjani mwa babu yake, akakimbia nacho.