Marudio Yanayofikisha Daraja A katika Biolojia ya Kidato cha Sita

Mtihani wa Biolojia wa kumaliza Kidato cha Sita, unaotungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, una karatasi tatu, mbili za nadharia na moja ya vitendo. Mtahiniwa hupata daraja A akifikisha alama 80 kati ya 100, B huanzia 70 na C huanzia 60, na kwa wanafunzi wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani PCB, au ya Kemia, Biolojia na Jiografia, yaani CBG, pengo dogo kati ya madaraja hayo linaweza kuamua iwapo nafasi ya kusomea udaktari, ufamasia au kilimo itapatikana. Wanafunzi wengi wanaoishia kwenye C wana bidii ya kutosha, kwani husoma muda wote wa prepo na wengine hukesha. Kinachowaangusha ni kwamba bidii hiyo karibu yote hutumika kuingiza maarifa kichwani, ilhali chumba cha mtihani hudai jambo moja tu, nalo ni kuyatoa.

Marudio ya kawaida huenda hivi: daftari la notisi hufunguliwa ukurasa wa kwanza, mistari hupigwa chini ya maneno yanayoonekana kuwa muhimu, kisha daftari lilelile husomwa mara ya pili na ya tatu hadi kila aya ionekane ya kawaida. Hapo ndipo mwanafunzi anapodanganyika, kwa sababu akili ina kazi mbili zinazofanana kwa sura lakini zinazotofautiana kwa uzito. Ya kwanza ni kutambua, yaani kuliona jambo na kujua kwamba lilishawahi kuonekana. Ya pili ni kukumbuka, yaani kulileta jambo lenyewe bila kulitazama popote. Kusoma upya hukuza ile ya kwanza na huipa moyo amani isiyo na msingi, kama mtu aliyemtazama bibi yake akisuka ukili jioni nyingi na kuamini kwamba anajua kusuka, mpaka siku anapokabidhiwa miyaa mikononi.

Ushahidi wa jambo hili ni wa muda mrefu, lakini jaribio lililowazindua walimu wengi lilichapishwa mwaka 2006 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa vifungu vifupi vya sayansi. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne mfululizo, na kundi jingine lilisoma mara moja tu kisha likajaribu mara tatu kuandika kila lililokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne walikuwa mbele, wakikumbuka asilimia 83 dhidi ya 71, lakini baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61 na waliosoma tu walibakiwa na asilimia 40. La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliotabiri kwa imani kubwa kuwa wangekumbuka vizuri. Mwaka 2013 jopo la watafiti lililoongozwa na John Dunlosky lilipitia mbinu kumi za kujisomea, likaweka mbili juu ya nyingine zote, ambazo ni kujipima na kuyagawa marudio katika siku zilizoachana. Kupigia mistari, kufupisha na kusoma upya, mbinu ambazo wanafunzi huzipenda sana, ziliwekwa daraja la chini.

Kujipima katika Biolojia kuna sura yake, na si lazima kuwe na kitabu cha maswali. Mwanafunzi aliyemaliza kusoma mada ya figo hufunga daftari, huchukua karatasi tupu, huchora nefroni, yaani kile kijimrija kidogo kinachochuja damu, huandika kinachotokea katika kila sehemu yake na sababu yake, kisha hufungua daftari na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kilichoandikwa kwa rangi hiyo ya pili ndicho pekee kinachohitaji kusomwa tena. Karatasi za namna hiyo zikihifadhiwa, mwezi mmoja kabla ya mtihani mwanafunzi atakuwa na orodha ya kweli ya mapungufu yake, tofauti na orodha ya mada zote za muhtasari ambayo humtisha bila kumwelekeza popote.

Hata hivyo, kuna namna ya kukumbuka isiyotosha kwa daraja A, nayo ni kukumbuka vipande vilivyotengana. Biolojia ya ngazi hii ni somo la minyororo ya sababu na matokeo, ambamo kila tukio husukumwa na lililotangulia, na alama hutolewa kwa kila kiungo cha mnyororo. Chukua swali la jinsi mwili unavyorudisha kiwango cha sukari ya damu katika hali ya kawaida baada ya mlo. Mtahiniwa anayejibu kwamba insulini hupunguza sukari amesema kweli, lakini ameandika mwisho wa hadithi na kuiacha hadithi yenyewe. Jibu kamili huanza na glukosi kuongezeka katika damu baada ya wanga kumeng'enywa. Ongezeko hilo huhisiwa na seli beta zilizo katika vikundi vidogo vya seli za kongosho viitwavyo visiwa vya Langerhans, ambazo humwaga insulini katika damu. Homoni hiyo hushikana na vipokezi, yaani protini maalumu za utando wa seli zinazoipokea. Katika seli za misuli na za mafuta, kushikana huko husababisha protini za kusafirisha glukosi zisogezwe hadi kwenye utando, hivyo glukosi huingia kwa kasi zaidi, na katika ini na misuli vimeng'enya vinavyounganisha glukosi kuwa glikojeni, ambayo ni wanga wa akiba, huamshwa. Sukari ikishuka, kichocheo cha seli beta hupungua na insulini hupungua pia, utaratibu unaoitwa mrejesho hasi kwa sababu matokeo huzuia chanzo chake. Mwanafunzi anayejizoeza kuuliza "kwa nini?" na "kisha nini?" baada ya kila sentensi aliyoiandika huuona mnyororo huu wenyewe, na akishauona hana haja ya kuukariri kama shairi.

Ujuzi huohuo ndio unaohitajika kwenye maswali ya grafu na majedwali, ambako watahiniwa hupoteza alama kwa kuchanganya kueleza kinachoonekana na kueleza sababu yake. Grafu ya kasi ya usanisinuru ikipanda kadiri mwanga unavyoongezeka na hatimaye kulala, kazi ya kwanza ni kusema hivyo hasa, pamoja na tarakimu zinazosomeka kwenye mihimili; kazi ya pili, inayokuja tu ikiulizwa, ni kusema kwamba pale grafu inapolala mwanga umeacha kuwa kikwazo na kitu kingine, kama vile kabonidayoksaidi au halijoto, ndicho kinachobana kasi.

Chombo ambacho wanafunzi wengi hawakitumii ipasavyo ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo Baraza la Mitihani huzitoa kwa kila somo. Humo kila swali hujadiliwa, hoja zilizotarajiwa huelezwa, na sampuli za majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa kwa mikono ya watahiniwa huwekwa bega kwa bega. Kujibu karatasi ya mwaka uliopita kwa saa kamili na bila daftari, kisha kujisahihisha kwa taarifa ya mwaka huo, kunamfundisha mwanafunzi kufikiri kama msahihishaji: kuona kwamba neno moja la kitaalamu lililokosekana limeangusha hoja nzima, au kwamba ukurasa mzima wa maelezo mazuri haukupata kitu kwa kuwa haukujibu kilichoulizwa. Kusoma maswali pamoja na majibu yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine hakuleti faida hiyo. Ni kutambua kulekule kwa sura nyingine.

Kuhusu ugawaji wa muda, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba kusahau huwa kwa kasi kubwa mara tu baada ya kujifunza, kisha hupungua taratibu, na kwamba marudio yaliyotawanywa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa mwanafunzi anayefanya mtihani mwezi Mei, maana yake ni kwamba mada iliyofundishwa Kidato cha Tano ijaribiwe tena kwa karatasi tupu baada ya siku chache, baada ya wiki kadhaa, kisha baada ya miezi, na kila mara ukumbukaji uwe mgumu kidogo, kwa kuwa ule ugumu wa kutafuta jibu ndio unaoliimarisha. Kukesha ni kinyume cha haya yote. Usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha kumbukumbu za mchana, na anayeukata ili asome ukurasa mmoja zaidi huziweka hatarini zile alizokwisha kusoma.

Mada ya jenetiki, yaani elimu ya urithi, inastahili neno lake, kwa kuwa ndipo maswali ya hesabu yanapowachuja watahiniwa. Kasoro ya mazoezi mengi ni kufanywa kwa mafungu: maswali kumi ya urithi wa sifa moja, kisha kumi ya sifa mbili, kisha kumi ya jeni zilizo kwenye kromosomu moja. Katika kila fungu mwanafunzi hajisumbui kuchagua njia, kwani kichwa cha habari kimeshamchagulia, na mtihani haumpi kichwa cha habari. Maswali yakichanganywa, kila moja humlazimu aamue kwanza ni la aina gani. Mfano mzuri ni kanuni ambayo Godfrey Hardy na Wilhelm Weinberg waliichapisha, kila mmoja kivyake, mwaka 1908: iwapo jeni ina aleli mbili, yaani sura mbili, na wingi wa moja katika jamii ni p na wa nyingine ni q, basi p² + 2pq + q² = 1. Swali likisema kwamba katika jamii fulani mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na selimundu, wengi huandika haraka kuwa q ni 0.01, ilhali tarakimu hiyo ni ya watoto wenye aleli mbili za ugonjwa, yaani q². Kwa hiyo q ni 0.1, p ni 0.9, na wabebaji wenye aleli moja, 2pq, ni 0.18, yaani watu 18 kati ya 100. Anayelenga daraja A huongeza kwamba kanuni hii hudhani hakuna uteuzi asilia, na kwamba penye malaria dhana hiyo hutetereka, kwa sababu wabebaji wa selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali.

Mtihani huu huandikwa kwa Kiingereza, na ni vyema jambo hilo lishughulikiwe waziwazi badala ya kufanywa aibu ya mwanafunzi. Katika vikundi vya majadiliano, ambavyo wanafunzi huviita diskasheni, njia yenye manufaa ni mmoja kuufafanua mnyororo mzima kwa Kiswahili mpaka wenzake wakose swali la kumbana, kisha kila mmoja auandike peke yake kwa Kiingereza cha sentensi fupi zenye istilahi sahihi. Anayeanza kwa kukariri sentensi za Kiingereza asizozielewa hukwama pindi mtunzi anapoligeuza swali, na watunzi huyageuza maswali kila mwaka. Diskasheni ambamo mtu mmoja huzungumza na saba huandika ina faida kwa yule mmoja tu.

Imebaki karatasi ya vitendo, ambayo shule nyingi huiacha hadi wiki za mwisho. Kupasua mnyama mdogo kama panya, chura au mende na kuuonyesha mfumo ulioagizwa bila kuuchana, kuchora kwa mistari isiyokatika na yenye lebo sahihi, na kupima virutubishi katika myeyusho ni stadi za mikono na macho, na hakuna notisi inayoweza kuzileta. Nazo zina sababu zake: katika kipimo cha sukari isiyo rejeshi, kama ile ya miwa, myeyusho huchemshwa kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa ili sukari ivunjwe kuwa sukari sahili, kisha asidi hubatilishwa kwa sodiamu bikaboneti kabla ya kutia kimiminika cha Benedict, kwa kuwa kimiminika hicho hufanya kazi katika hali ya besi. Mtahiniwa aliyekariri hatua bila kujua hayo huruka ubatilishaji, hukosa rangi ya matofali aliyoitarajia, na huandika kwamba hakuna sukari. Walimu wakuu na walimu wa Biolojia wanaombwa wafungue maabara kwa wanafunzi tangu muhula wa kwanza wa Kidato cha Tano, hata kwa vifaa vichache na vya kuazima, na wasisubiri barua ya maandalizi ya mtihani ifike.